Si Si, Ni Si

Yi Lamei aliingia kazi ya kulinda njia ya treni kwa sababu moja tu, na wala hakuificha. Mumewe alikuwa anapanda juu ya nguzo za njia hiyo. Siku ya kwanza tulipogawiwa makoti ya kazi alimgeukia mumewe mbele yetu sote akamwambia, "Wewe ukishakuwa kule angani, nani atakutazama? Hawa watafuna popo?" Sisi tuliokuwa tunatafuna popo, zile kokwa kali za mpopoo, tuliguna, maana tulijua hakutusingizia.

Mimi ni Xiao Deren. Nilikuwa dereva wa lori mpaka mgongo uliponikatalia, kisha nikapewa ulinzi wa kipande cha nne cha njia. Lamei alipewa cha kumi. Nasimulia haya kwa sababu hapa Shuangtang kila mtu ana hadithi yake, na nyingi ni upuuzi mtupu. Wengine wanasema alilala kazini. Wengine wanasema binti wa chumba cha uongozaji alikuwa anachezea simu. Uongo, wote. Mimi nilikuwepo, na sehemu yangu katika jambo lile si nzuri, kwa hiyo nina haki ya kulieleza.

Treni yetu haina magurudumu. Sumaku ndiyo inayoinyanyua, ikaelea juu ya reli kwa nafasi ambayo kidole chako cha mwisho hakipiti, na mbavu zake zimeikumbatia reli pande zote mbili. Kila baada ya dakika kumi na mbili inatoka mjini kwenda uwanja wa ndege, na nyingine inatoka uwanja wa ndege kuja mjini. Abiria wanaipenda, chai haimwagiki kikombeni. Sisi wa chini hatukuipenda hata kidogo. Garimoshi la zamani lilikuwa na adabu zake. Likija linapiga hodi maili nzima kabla. Hili halipigi hodi. Siku ya upepo unaweza kuwa umesimama chini ya nguzo, limeshapita, na wewe bado unajiuliza linakuja saa ngapi.

Njia yote iko juu ya nguzo, inapita juu ya mashamba ya haradali na mabwawa ya bata. Imegawanywa vipande kumi na vinane. Kila kipande kina mlinzi wake, na kazi ya mlinzi ni kutembea chini, redio shingoni, macho juu. Unatazama nini? Tiara za watoto, mifuko, yale mashuka ya plastiki ambayo wakulima hufunikia miche, na hatari kuliko vyote, mabati. Kitu chochote kikilala juu ya reli, unaita chumba cha uongozaji, wanafunga kipande chako, treni zote zinazuiwa mpakani, ndipo mpandaji anapanda ngazi kwenda kukiondoa. Tan Bosheng, mumewe Lamei, alikuwa mpandaji.

Bosheng ni mtu wa kimya. Ukimpa salamu anakurudishia nusu. Kabla nguzo hazijaja alikuwa analima pilipili, na mkewe anaziuza sokoni. Nguzo tatu za kipande cha kumi zimesimama palepale lilipokuwa shamba lao, kwa hiyo kampuni iliwapa kazi wote wawili, kwanza mume, kisha mke baada ya kuisumbua ofisi mwezi mzima. Alikwenda kila asubuhi na kigoda chake, akaketi mlangoni, mpaka wakachoka kumruka. Kwa mdomo Lamei alikuwa hana mpinzani. Mumewe akipanda, yeye alisimama chini amekaza shingo, akimpigia kelele: funga mkanda, acha kuinama hivyo, umekula asubuhi au hukula? Bosheng alizidi kupanda. Lakini nilimwona zaidi ya mara moja akichungulia chini kabla ya kuanza kazi, kuhakikisha kwamba kelele ile ipo.

Sasa nieleze kuhusu ulimi wetu, maana bila hilo huwezi kuelewa kitu.

Watu wa kaskazini wakitaka kusema nne wanasema "si". Wakitaka kusema kumi wanasema "shi". Sisi huku kusini ulimi wetu hauna habari na hiyo "sh". Nne ni "si", kumi ni "si". Tofauti yake ni ndogo, sauti inapanda kidogo kwenye moja na kwenye nyingine inakatika, na mtu aliyezaliwa hapa anaisikia, akiwa ametulia na upepo haupigi. Mgeni hasikii kitu. Ni sawa na mtu anayekwambia anakwenda kula kumbe anakwenda kupiga kura. Tena haikuishia hapo. Kaskazini wakisema ndiyo wanasema "shi", kwa hiyo ndiyo yetu nayo ni "si". Na kifo pia ni "si", ndiyo maana majengo mengi hayana ghorofa ya nne. Sokoni tunamaliza ubishi kwa vidole, lakini kwenye redio vidole havina kazi.

Wakubwa walilijua hilo. Walituletea mwalimu akatufundisha namba za redio. Moja iitwe "yao", sifuri iitwe "dong", na kila tarakimu itamkwe peke yake. Kwa hiyo kumi inakuwa "yao-dong", na hakuna binadamu wa kusini wala kaskazini atakayeichanganya na nne. Jambo jema, jambo rahisi. Tatizo ni kwamba yao-dong ni jina la zile nyumba za mapangoni ambazo watu wa kaskazini huchimba kwenye milima ya udongo. Lamei peke yake ndiye aliyekuwa na bahati hiyo mbaya. Kila akiita asubuhi, "Yao-dong salama," mimi nilibonyeza redio nikamuuliza, "Bibi wa Pango, leo popo wamelalaje?" Mwingine anadakia, "Bibi wa Pango, mgeni yuko ndani?" Na maneno mengine ambayo siyaandiki. Tulicheka sana. Mwezi wa kwanza alitutukana, na matusi yake yalikuwa mazuri kuliko mizaha yetu. Mwezi wa pili alianza kunyamaza. Mwezi wa tatu akaacha kusema yao-dong, akawa anasema "si" tu kama mtu yeyote wa kijijini, na sisi tukaona tumeshinda. Hakuna aliyemsahihisha. Waongozaji wa zamani walikuwa wenyeji, walimjua kwa sauti, na kipande chake walikijua.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, bibi yangu aliniambia nikiwa mdogo, na mimi nilidhani ni maneno ya vizee.

Siku yenyewe ilikuwa wiki moja kabla ya sikukuu ya kufagia makaburi. Upepo ulianza alfajiri na ukazidi kadiri jua lilivyopanda. Haradali ilikuwa imelala chini yote. Saa tatu na nusu hivi asubuhi, bati moja kubwa likang'oka kwenye banda la mfugaji wa bata, likaruka juu ya bwawa, likaenda kujikita kwenye reli ya kipande cha kumi, katikati kabisa, mbali na ngazi. Lamei aliliona likiruka. Alisema baadaye kwamba lilipotua yeye alikuwa ameshabonyeza redio.

Kwenye chumba cha uongozaji siku hiyo alikuwepo Gao Ning, binti wa kaskazini, siku yake ya tatu peke yake mezani. Mimi huyo binti simlaumu, na nitagombana na yeyote atakayemlaumu. Alifanya alivyofundishwa, neno kwa neno. Sisi sote tulisikia kwenye redio zetu, upepo ukivuma ndani ya maneno. Lamei aliita: bati kubwa juu ya reli, kipande cha si, fungeni upesi. Gao akarudia, kama sheria inavyosema, "Kipande cha si, ni sahihi, shangazi?"

"Si," Lamei akajibu, akiwa na maana ya ndiyo.

Umeona? Binti alisikia nne, akauliza nne, akajibiwa nne. Angefanya nini tena? Akafunga kipande cha nne. Kisha akamwita mpandaji akamwambia kipande cha si kimefungwa, panda. Na Bosheng, ambaye kazaliwa mita mia mbili kutoka kwenye ile nguzo, alisikia kile ambacho sikio lake lilizoea kusikia. Akafunga mkanda, akapanda.

Mimi nilikuwa chini ya kipande changu, nimejikinga nyuma ya nguzo. Niliyasikia hayo yote na hayakunishtua, kwa kuwa nilijua Lamei yuko wapi. Nikasema moyoni, Bibi wa Pango ana kazi leo. Nikatia popo nyingine mdomoni.

Baada ya dakika mbili tatu, treni ya kutoka mjini ikaja polepole, ikasimama mwanzo wa kipande changu. Ikasimama kabisa. Nikaona abiria wamebandika nyuso kwenye vioo. Nikatazama juu, reli yangu safi, hakuna hata unyoya. Nikatazama upande wa pili, safi. Nikabaki nashangaa. Kwa nini wamesimama kwangu? Mimi sikuita mtu.

Halafu nikaelewa, nikaitema ile popo.

Hesabu ilikuwa rahisi, ya kutisha. Kama kilichofungwa ni cha nne, basi cha kumi kiko wazi. Treni ya kutoka uwanja wa ndege inaanzia kipande cha kumi na nane, inashuka namba moja moja kuja mjini. Hakuna kitakachoizuia mpaka ifike kwangu. Ingefika kwenye kumi kwanza, na juu ya kumi alikuwapo Bosheng, ameinama, mgongo kwa uwanja wa ndege, mikono miwili kwenye bati. Nilitazama saa. Ile treni ilikuwa imeshaondoka.

Nikabonyeza redio. Nilisema, Gao, binti yangu, umefunga kipande sicho, kwangu hakuna kitu. Akanijibu kwa upole kwamba kipande cha si kimefungwa na mpandaji yuko kazini, tafadhali mzee niache njia ya redio wazi.

"Si si, ni si!" nikamwambia.

"Sijaelewa, mzee. Rudia."

"Si si! Ni si! Ya Lamei!"

Mpaka leo naamka na jambo hilo. Neno la kumwokoa Bosheng nilikuwa nalo. Nililicheka miezi mizima, nililitia chumvi, nililifanyia wimbo. Yao-dong. Ningelisema mara moja tu, mambo yangekwisha. Halikuja. Nililitafuta kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni huku nyumba inaungua, na kila nilipofungua mdomo ulimi ulikimbilia kwao, "si, si, si." Gao hakumjua Lamei ni nani wala yuko kipande gani, kwake sisi sote tulikuwa sauti za wazee wa kusini zinazopiga kelele ndani ya upepo. Nikamsikia akiniuliza kama mimi ni mgonjwa.

Lakini Lamei naye alikuwa anasikiliza. Alikuwa amesimama chini ya mumewe, na mara ya kwanza nilipotaja jina lake alitazama upande wa mto, kuelekea uwanja wa ndege. Toka kwake daraja la mto linaonekana. Akaona kitu cheupe kikiteleza juu ya daraja, mbali bado, bila sauti yoyote.

Akamwita mumewe kwa nguvu zake zote. Upepo ukaichukua sauti ukaipeleka bwawani. Akaokota mabonge ya udongo akayatupa juu. Nguzo ina urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, udongo ukamrudia usoni. Redio ya Bosheng ilikuwa ndani ya koti, na bati lilikuwa linapiga reli kwa makelele ya kutosha kuziba masikio. Mwenzake anayemshikia ngazi alikuwa kwenye gari anatafuta mkasi wa kukatia waya. Hapakuwa na mtu.

Basi akabonyeza redio, na mimi nikaachia yangu, namshukuru Mungu kwamba niliachia, maana wawili wakibonyeza pamoja hakuna anayesikika. Nilitegemea atapiga mayowe. Mke yeyote angepiga mayowe. Hakupiga. Sauti yake ilikuwa kavu na ya taratibu, kama ya mtu anayemhesabia mnunuzi mgumu mafungu ya pilipili asije akageuka kusema amepunjwa.

"Binti, nisikilize mimi. Nahesabu. Moja. Mbili. Tatu."

Nikabana redio sikioni.

"Si," akasema Lamei. Hakusimama. "Tano. Sita."

Gao alitueleza baadaye. Alisema iliposikika nne moyo wake ulitulia, akadhani bibi anathibitisha. Iliposikika tano akaelewa kwamba nne imepitwa na bibi anakwenda kumi. Aliposikia sita mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitufe chekundu, akakipiga kwa ngumi, na njia nzima kutoka mjini hadi uwanja wa ndege ikasimama.

Lakini Lamei hakulijua hilo. Kitufe hakina kengele huku nje. Yeye aliendelea, kwa kuwa aliogopa kunyamaza, na macho yake yote yako kwenye kile kitu cheupe ambacho sasa hakikuwa mbali.

"Saba. Nane. Tisa."

Hapo akanyamaza. Namba yenyewe hakuitaja. Mimi nilikuwa nimeshika redio kwa mikono miwili nikingoja, na sikusikia kitu isipokuwa upepo. Nilipanda pikipiki yangu ya umeme nikaenda, na njiani nililia, sioni haya kusema hivyo. Nilijua tu kwamba nakwenda kuona maiti.

Nilimkuta Lamei ameketi mtaroni, kwenye tope. Hakunitazama. Nikafuata macho yake juu. Treni ilikuwa imesimama, imeshuka juu ya reli yake. Baadaye Lamei alipima kwa kutembea chini, akapata hatua ishirini na tatu kutoka kichwa cha treni hadi pale aliposimama mumewe. Na Bosheng alikuwa hajui lolote. Alihisi boriti inatetemeka chini ya viatu wakati treni inajibwaga, akageuka, akaona treni nyuma yake, akadhani dereva amekiuka amri akaingia kwenye kipande kilichofungwa. Akamkunjia ngumi. Yule dereva, maskini, alikuwa ameinamia meza ya vitufe na mikono kichwani. Bosheng akarudi kwenye bati lake, akalikunja, akalifunga kamba, akaliteremsha, akamalizia kwa kupangusa reli na kitambaa kama kawaida yake. Kisha akashuka, akamwendea mkewe akamuuliza mbona anakaa kwenye tope.

Lamei akampiga. Alimpiga kwa kofia ya kazi begani, mara mbili, mara tatu, na kila akipiga anataka kusema neno na neno halitoki. Bosheng alisimama akapigwa. Mimi ndiye niliyemweleza, na nilipofika kwenye hesabu aliniambia inatosha.

Siku tatu baadaye tuliitwa ofisini. Mkuu wa usalama, mzee Ouyang, aliketi mwisho wa meza na kinasa sauti mbele yake. Gao alikuwa upande wa dirisha, uso umevimba kwa kulia. Lilikuwa jambo la wazi na hakuna aliyelisema: kama Lamei alitamka kumi vizuri, binti amekosa kusikia, anarudishwa kwao kaskazini na doa kwenye jina lake. Kama alitamka vibaya, Lamei anavua koti la kazi.

Wakacheza sauti mara ya kwanza. Upepo, bati, "si". Wakacheza mara ya pili. Wenyeji tuliokuwemo tuligawanyika. Mmoja alisikia kumi, mmoja nne, mimi sikusikia kitu cha kuapia. Wakacheza mara ya tatu na mzee Ouyang akamuuliza Lamei mwenyewe, alisema ipi?

"Moyoni ilikuwa kumi," Lamei akasema. "Mdomoni sijui. Hata mimi nikijisikia hapo sijui."

Mzee akauliza kama ni kweli kwamba binti aliporudia kuuliza, yeye alijibu kabla ya kusikiliza vizuri. Lamei akajibu "si". Karani akainua kalamu, akauliza kwa sauti ya chini kama aandike nne. Hakuna aliyecheka. Lamei akainua kichwa, akasema kwa lugha ya kaskazini, akiuma ulimi kuitafuta ile sauti ambayo hana, "Andika ndiyo. Huyu mtoto aliuliza kama alivyofundishwa. Aliyejibu haraka ni mimi. Niandikeni mimi."

Pale ndipo nilipotakiwa kusimama. Nilitakiwa kusema kwamba alikuwa na neno sahihi na sisi ndio tuliomnyang'anya, mimi wa kwanza, kwa kicheko. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikatazama meza. Miaka yangu sitini na moja, nimevuka milima na lori la tani ishirini usiku na mvua, na sikuweza kunyanyuka kutoka kwenye kile kiti. Lamei hakunitaja. Angeweza kunitaja.

Alivua redio shingoni akaiweka mezani. Mzee Ouyang akaivuta kwake, akasema samahani, hana njia nyingine. Kikao kikawa kama kimekwisha, watu wakaanza kusogeza viti.

Bosheng akasimama. Nilidhani anaondoka. Alikuwa amekuja na mkanda wake wa usalama, ule wenye ndoano, tukadhani amesahau tu kuuacha garini. Akauweka juu ya meza pembeni ya ile redio.

"Kama yeye hayuko chini," akasema, "mimi sipandi."

Mzee Ouyang alimwambia aache utoto, huu ni msimu wa upepo, wapandaji wenyewe wako wanne. Bosheng alimshika mkewe kiwiko wakatoka, na mkanda ukabaki mezani.

Niliwafuata. Nilitaka kumwambia Lamei yale niliyoshindwa kuyasema ndani, na nilimwambia, hapo nje kwenye ngazi, kwa kukwamakwama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee Xiao, najua. Nilikuwepo." Basi. Hakusema amenisamehe na mimi sikuthubutu kuuliza.

Alichobaki nacho kilikuwa hasira, na yote alimmwagia mumewe njiani. Nilikuwa hatua chache nyuma yao, nikasikia kila neno. Alimwita mpumbavu. Alimwuliza kama amerogwa, mishahara miwili siku moja, nani amemwomba ushujaa, watakula nini, watarudi kulima juu ya zege? Mdomo wangu, alisema, ndio uliotaka kukuua, na wewe unakwenda kuurudisha chini ya miguu yako? Una akili wewe? Bosheng alitembea tu, mikono mfukoni. Walipofika kwenye nguzo ya kwanza ya shamba lao akasimama akatazama juu. Treni ilikuwa inapita. Hatukuisikia.

"Ile hesabu," akasema.

Lamei akamgeukia.

"Siku nyingine usianzie moja. Anzia tano."

Lamei alicheka. Lilikuwa cheko la ghafla, lililomtoka kabla hajajua, kisha likageuka kilio pale pale, akajifunika uso kwa mikono yote miwili na Bosheng akasimama karibu naye akingoja. Mimi nikageuka nikashika njia nyingine kwenda nyumbani.